Ndiyo ya Kambo: somo dogo juu ya misingi ya mawasiliano



Kila mmoja wetu katika idara ya lugha za Kiafrika amepita kwenye somo la misingi ya mawasiliano. Tumechora mishale ubaoni: msemaji upande huu, msikilizaji upande ule, ujumbe katikati, na juu yake muktadha. Tumekariri majina ya wataalamu, tumefanya mtihani, tumepita. Mimi nilipita vizuri. Majuma machache baadaye nilimfasiria kambo yangu neno moja tu mbele ya daktari, na nikalifasiri vibaya. Kambo alianguka uani kwa ajili ya kosa langu.

Makala haya hayana jambo jipya la kuwafundisha walimu. Ninataka tu kuchukua mazungumzo ya mistari minne, niyachambue mstari kwa mstari, na kuonyesha kwamba misingi tunayoikariri darasani ilikuwa yote mle ndani, ikifanya kazi yake, wakati mimi niliyeisoma sikuiona. Nimeandika kwa Kiswahili bora kama ilivyo desturi ya jarida letu, lakini maneno ya nyumbani nimeyaacha kama yalivyosemwa.

1. Mazungumzo yenyewe

Kambo ana ugonjwa ambao sisi huku Lubumbashi tunauita tansiyo, yaani shinikizo la damu. Alikuwa ameandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Siku ile nilimsindikiza kupimwa kwenye kituo cha afya. Daktari alikuwa kijana aliyesomea Kinshasa. Anasema Kifaransa na Lingala. Kiswahili chake ni cha salamu. Kambo anasema Kiluba na Kiswahili. Kifaransa chake ni cha kuhesabu pesa. Kwa hiyo mimi nilikaa katikati yao. Daktari alimfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akasoma namba, akakunja uso, akaniuliza. Haya ndiyo yaliyosemwa:

(1) Daktari: Elle n'a pas pris son comprimé ce matin ?
(2) Mimi: Kambo, leo asubui haukunywa dawa?
(3) Kambo: Ndiyo.
(4) Mimi: Oui, docteur.

Hayakuchukua hata nusu dakika. Daktari aliandika kwenye karatasi yake. Kwa masikio yake, mgonjwa alikuwa amekunywa dawa na bado damu ilikuwa inapanda; basi dawa ile peke yake haitoshi. Akaongeza ya pili. Tulishukuru, tukaenda zetu.

Kumbe Kambo hakuwa amemeza kitu asubuhi ile. Tulipofika nyumbani, shangazi aliona dawa zimekuwa mbili, akaogopa, akaanza kumsimamia kila asubuhi mpaka ameze zote. Siku ya nne Kambo alisimama kutoka kitini, kizunguzungu kikamshika, akaanguka karibu na mbabula. Mbabula ilikuwa baridi, tunamshukuru Mungu. Mkono wake ulivimba, na kwa juma zima hakuweza kusonga bukari.

Sasa tujiulize kama wanaisimu: katika mistari hii minne, kosa liko wapi?

2. Kanuni ya kwanza: sauti inaweza kufika na maana isifike

Jibu la haraka ni kwamba kulikuwa na kizuizi njiani. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa tangu mwanzo, na mchoro tunaouchora unatoka kwa Claude Shannon, mhandisi wa Marekani aliyeandika mwaka 1948 kuhusu namna ya kupitisha ishara katika mitambo ya simu. Kuna chanzo, kuna mtambo wa kutuma, kuna njia yenye kelele, kuna mtambo wa kupokea, kuna mwisho wa safari. Lakini Shannon mwenyewe alionya katika kurasa za mwanzo kwamba maana ya ujumbe haihusiani na tatizo la uhandisi analolishughulikia. Yeye alitaka kujua kama ishara iliyotumwa ndiyo iliyopokelewa. Sisi tumechukua mchoro wake, tukausahau huo mpaka aliouweka.

Tazameni mistari yetu. Chumba kilikuwa kimya. Daktari alisikia kila sauti niliyoitoa. Mimi nilimsikia Kambo, na Kambo alinisikia mimi. Kwa kipimo cha Shannon, mawasiliano yalikuwa safi kabisa. Na bado mtu alianguka.

Roman Jakobson alitusaidia zaidi mwaka 1960 alipotaja mambo sita ya kila tendo la kusema: msemaji, msikilizaji, muktadha, ujumbe, mguso unaowaunganisha, na msimbo, yaani lugha wanayoshirikiana. Hilo la mwisho ndilo lililotuponza. Tulikuwa na misimbo miwili, Kifaransa na Kiswahili, na mimi nilidhani kwamba kazi yangu ni kutoa neno katika kikapu kimoja na kuliweka katika kikapu cha pili: ndiyo humu, oui mle. Mwaka 1979 Michael Reddy alionyesha jinsi wasemaji wa Kiingereza wanavyoongea juu ya lugha kana kwamba maneno ni vyombo, na maana ni kitu kilichowekwa ndani yake na kutumwa. Sisi nasi tunasema hivyo: kupeleka ujumbe, kufikisha habari, ujumbe umefika. Ni semi nzuri za kila siku. Hatari yake ni kutufanya tuamini kwamba chombo kikifika, mzigo umefika.

Kila anayeishi na wasemaji wa Lingala ana mfano wa wazi wa jambo hili. Neno lobi huitwa kwa siku iliyopita na pia kwa siku inayokuja. Ukilisikia peke yake, hujui kama ni jana au kesho. Ukisikia nayaki lobi, kitenzi kimekwambia kwamba mtu alikuja jana. Ukisikia nakoya lobi, unajua atakuja kesho. Hakuna Mkinshasa anayepotea kwa ajili ya lobi, kwa sababu hakuna anayelisikiliza peke yake. Nilipaswa kukumbuka kwamba ndiyo nayo haisikilizwi peke yake.

3. Kanuni ya pili: jibu hulijibu swali, na lugha hazijibu namna moja

Tuanze na neno lenyewe. Ndiyo si neno lililoanguka kutoka mbinguni likiwa na maana ya oui. Lina viungo viwili: ndi-, kinachotaja na kukaza kwamba kitu ni chenyewe, na -yo, o ya urejeshi inayoelekeza kwenye jambo lililokwisha kutajwa. Ni ndugu wa ndiye, ndicho, ndivyo. Kwa asili basi anayesema ndiyo anasema: hiyo uliyoisema ndiyo yenyewe. Huku kwetu umbo hili linasikika mpaka leo katika njo, na mtu akitaka kukubali maneno ya mwenzake husema njo vile, yaani ndivyo hivyo.

Ukilielewa hivyo, mstari wa (3) hauna utata wowote. Niliuliza: haukunywa dawa? Jambo lililotajwa ni kutokunywa. Kambo akajibu: hiyo uliyoisema ndiyo yenyewe. Yaani, sikunywa. Alijibu kwa usahihi kabisa. Tukiweka mifano ya Kiswahili bora, mpango ni huu:

(5) Hukula? — Ndiyo, sikula.
(6) Hukula? — Hapana, nilikula.

Kifaransa hakifuati mpango huu. Kinaangalia kama kitendo kilitendeka au hakikutendeka. Mtu ambaye hakula, akiulizwa kwa ukanushi, hujibu non. Aliyekula hujibu si, neno maalumu la kupinga ukanushi, kama doch ya Kijerumani. Oui tupu baada ya swali kama la (1) haina mahali pake hasa. Msikilizaji analazimika kukisia. Daktari alikisia. Aliisikia oui kama watu wengi waliosoma kwa Kifaransa wangeisikia: ndiyo, amekunywa.

Anders Holmberg, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya sintaksia ya ndiyo na hapana, ametofautisha mipango hii miwili. Katika lugha za mpango wa kwanza, jibu huthibitisha au hupinga ukweli wa yale yaliyosemwa katika swali. Katika lugha za mpango wa pili, jibu hueleza kama tendo ni yakini au ni kanushi. Kijapani mara nyingi huwekwa pamoja na lugha za mpango wa kwanza: hai baada ya swali kanushi inafanya kazi kama ndiyo ya Kambo. Hii si dalili ya ujinga wala ya kukosa shule. Ni sarufi. Ninalisema hili kwa sababu nimewahi kusikia watu wenye elimu wakisema kwamba wazee wetu hawajui kujibu swali. Wanajua. Wanajibu kwa sarufi moja, na sisi tunawasikiliza kwa sarufi nyingine.

Ugumu wa kweli ni kwamba mipango yote miwili sasa inakaa katika nyumba moja. Baada ya kosa langu nilianza kusikiliza nyumbani kwetu. Kambo na shangazi hufuata mpango wa (5) bila kusitasita. Mdogo wangu aliyeko shule ya msingi, anayefundishwa Kifaransa mchana kutwa, akiulizwa haukufanya mazoezi, hujibu hapana akiwa na maana kwamba hakuyafanya. Mimi mwenyewe nabadilika kufuatana na ninayeongea naye, na mara nyingine sijui nimetumia mpango upi. Kwa hiyo hatuwezi kutoa kanuni rahisi ya kusema kila ndiyo igeuzwe kuwa non. Dawa ya kuaminika ni ile iliyo tayari katika lugha yetu: kurudia kitenzi. Sikunywa. Nilikunywa. Kitenzi kina kiambishi chake cha nafsi, cha wakati na cha ukanushi. Hakimwachii mtu nafasi ya kukisia.

4. Kanuni ya tatu: anayesema kidogo ana sababu

Bado kuna swali. Kwa nini Kambo aliishia kwenye ndiyo? Kwa nini hakuongeza kwamba hakunywa kwa sababu fulani?

Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967 na katika makala yaliyochapishwa mwaka 1975, alisema kwamba watu wanaozungumza hutegemea ushirikiano. Kila mmoja huchukulia kwamba mwenzake anatoa habari kwa kiasi kinachotakiwa, anasema kweli, anasema yanayohusika, na anasema kwa uwazi. Mmoja akionekana kuvunja mojawapo, tunatafuta maana iliyofichika. Ni nadharia yenye nguvu. Lakini mwaka 1976 Elinor Ochs Keenan, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Madagaska, alionyesha kwamba pale watu hawatarajii wenzao watoe habari zote wanazotakiwa. Habari mpya ni mali. Tena kumtaja mtu kwa jambo fulani kunaweza kumletea matata. Mtu akijibu kwa kifupi au kwa mzunguko, hakuna anayeona kwamba ameuvunja ushirikiano.

Nilipokuwa nikisoma hayo kwa mtihani, niliona ni habari za kisiwa cha mbali. Kumbe zilikuwa habari za jikoni kwetu. Sababu ya Kambo tuliijua baada ya kuanguka kwake, naye hakuniambia mimi. Alimwambia muuguzi, kwa namna nitakayoieleza hivi punde. Baba yangu ndiye anayenunua dawa zake. Mwezi ule kazi ya baba ilikuwa imelegea, na Kambo alijua. Akaanza kuruka siku: leo anameza, kesho anaacha, ili pakiti ifike mbali na mwanawe asiombwe pesa mapema. Kama angesema hayo mbele ya daktari, na mbele yangu mimi mjukuu, angekuwa amemshitaki mwanawe kwa umaskini mbele ya mgeni. Akachagua neno fupi. Neno lile lilikuwa la kweli, na lilimfunika mwanawe.

Paul Watzlawick na wenzake waliandika mwaka 1967 kwamba mtu hawezi kukaa na wenzake asiwasiliane; hata kunyamaza ni kusema. Kila ujumbe, walisema, una upande wa habari na upande wa uhusiano. Mimi nilichukua upande wa habari tu, tena nikauchukua vibaya. Upande wa uhusiano ulikuwa unapiga kelele: mzee mwenye maneno mengi, anayeweza kusimulia safari moja ya soko kwa saa nzima, amejibu neno moja na kutazama chini. Kila mjukuu anajua kambo yake akinyamaza ana neno. Lakini pale sikuwa nimekaa kama mjukuu. Nilikuwa nimekaa kama msomi anayejua Kifaransa.

5. Kanuni ya nne: maana hukamilika inaporudi

Tulipompeleka Kambo tena kituoni, daktari yule hakuwepo. Tulipokelewa na muuguzi, mama wa makamo. Sikuandika aliyoyafanya wakati ule, ila niliyasikia vizuri, na ninayaweka hapa kwa sababu yalikuwa somo kuliko kitabu.

Kwanza hakuuliza chochote juu ya dawa. Alivuta kiti, akakaa akilingana na Kambo, akasema: «Jambo, Kambo. Mulilala muzuri?» Akauliza habari za watoto, za mvua, za mkono. Bronisław Malinowski mwaka 1923 aliyaita maneno ya namna hii ushirika wa maneno: hayaleti habari, yanafunga watu pamoja. Jakobson aliyaweka chini ya kazi ya mguso. Tuangalie pia kiambishi mu- katika mulilala. Ni wingi wa heshima. Mimi, kwa mazoea ya kambo na mjukuu ambao hutaniana, nilikuwa nimeuliza kwa u-: haukunywa. Nyumbani haidhuru. Lakini pale nilikuwa ninabeba swali la daktari, na swali la daktari lililofika kwa u- na kwa ukanushi lilisikika kama kukaripiwa: wewe, hukunywa dawa, siyo?

Pili, muuguzi hakuuliza swali la ndiyo na hapana. Alisema: «Munielezee, tangu jana mangaribi mpaka sasa, mulikunywa dawa gani, na saa gani?» Swali la namna hiyo halijibiki kwa neno moja. Linadai masimulizi, na katika masimulizi vitenzi vinajitokeza vyenyewe.

Tatu, aliomba pakiti ya ile dawa ya kwanza, akazimwaga kwenye kiganja, akahesabu kwa sauti pamoja na Kambo. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaja siku iliyonunuliwa. Vilibaki vidonge vingi kuliko siku zilizopita. Muuguzi hakusema kitu. Alimtazama shangazi nami, akatuomba tumletee maji. Tuliporudi, Kambo alikuwa amekwisha kueleza yote.

Nne, kabla ya kutuaga alisema: «Kambo, sasa munifundishe mimi. Kesho asubui mutafanya nini?» Kambo akarudia kwa maneno yake: kidonge hiki kimoja, baada ya kula, kila siku, kile kingine aache mpaka daktari arudi. Alikosea mahali pamoja, akasahihishwa, akarudia tena. Ndipo muuguzi akaandika. Daktari aliporudi aliisoma karatasi ile, akaifuta dawa ya pili.

Katika maneno ya isimu, Herbert Clark na Susan Brennan mwaka 1991 walieleza kwamba wanaozungumza hujenga msingi wa pamoja: haitoshi mimi kusema, lazima tuwe na ushahidi wa kutosha kwa shabaha tuliyo nayo kwamba umenielewa. Ushahidi una viwango. Kiwango cha chini ni kutikisa kichwa au kuguna ee, ee, zile sauti ambazo Victor Yngve mwaka 1970 aliziita njia ya nyuma. Zinasema: ninakusikiliza, endelea. Hazisemi: nimeelewa, wala: nakubali. Kiwango cha juu ni msikilizaji kurudisha jambo kwa maneno yake mwenyewe. Ukiagiza chumvi dukani, ee inatosha. Ukitoa dawa ya tansiyo, haitoshi.

Schegloff, Jefferson na Sacks, katika makala yao ya mwaka 1977 juu ya kurekebisha mazungumzo, walionyesha kwamba mazungumzo yana nafasi za kusahihisha hatua kwa hatua: msemaji mwenyewe, kisha zamu ya mwenzake, kisha zamu inayofuata. Katika mistari yetu minne nafasi hizo zilikuwepo. Baada ya (3) ningeweza kuuliza: «Ndiyo, haukunywa?» Baada ya (4) daktari angeweza kuuliza: donc elle l'a pris ? Neno moja la nyongeza kwa kila mmoja, na Kambo asingeanguka. Hatukulisema, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani ameelewa. Asiyeelewa huuliza. Anayedhani ameelewa ndiye anayeandika dawa.

6. Hili linatuhusu vipi

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni ajali ya familia moja. Sidhani. Ibara ya kwanza ya Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, na inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Maana yake katika maisha ni kwamba watu wengi husema maumivu yao, mashitaka yao na ushuhuda wao kwa lugha moja, na karatasi huandikwa kwa lugha nyingine. Kati ya mdomo na karatasi anakaa mtu. Mara nyingi si mfasiri aliyesomea kazi hiyo. Ni mjukuu, ni mlinzi wa mlangoni, ni mwanafunzi aliyepita. Fikirini swali hili mbele ya polisi: haukumwona mutu huyu? Shahidi anajibu ndiyo. Karani anaandika oui. Hapo anayeanguka si kambo peke yake.

Sisi ndio tutakaokaa kati ya mdomo na karatasi, kama walimu, wafasiri, waandishi wa habari. Mimi nimejiwekea masharti manne, na ninayatoa kwenu myapime.

Kwanza: situmii swali kanushi ninapofasiri. Daktari akisema elle n'a pas pris, mimi nauliza: ulikunywa au haukunywa? Nampa mtu vitenzi vyote viwili achague.

Pili: sifasiri ndiyo wala hapana peke yake. Naomba kitenzi, na ninatoa sentensi nzima: elle dit qu'elle ne l'a pas pris.

Tatu: jibu likiwa fupi kuliko kawaida ya mtu, namwambia anayeuliza kwamba ni fupi. Sisemi ninalodhani limefichwa. Hilo ni la mwenyewe. Nasema tu kwamba huenda kuna zaidi, na kwamba labda mimi nitoke nje.

Nne: naomba jambo lirudishwe. Anayepaswa kuomba ni yule mwenye kalamu, kwa sababu mgonjwa hawezi kumtahini daktari, wala mzee hatamtahini msomi. Kuuliza si ujinga, tunasema. Lakini kumfanya mwingine aweze kuuliza ni kazi ya mwenye nguvu katika chumba.

Mkono wa Kambo umepona. Nilipomweleza kosa langu, pamoja na ndi- na -yo na mambo yote ya mpango wa kwanza na wa pili, alinisikiliza mpaka mwisho akiguna ee, ee. Nikamuuliza: «Kambo, unaelewa?» Akasema: «Ndiyo.» Kisha akacheka, akaongeza: «Ninaelewa kama haukuniuliza muzuri.»

Mazoezi kwa wanaotaka kuendelea

a) Sikilizeni nyumbani mwenu kwa juma moja. Andikeni maswali kanushi mliyoyasikia na majibu yake, pamoja na umri wa anayejibu na lugha aliyosomea. Nani anafuata mpango wa (5), nani hafuati?

b) Chukueni lugha ya mama zenu, iwe Kiluba, Kibemba, Kisanga, Mashi au nyingine. Neno la kukubali limeundwa namna gani? Je, lina kiungo cha kurejesha kama -yo?

c) Andikeni upya mistari (1) hadi (4), mkiongeza zamu mbili tu, ili daktari apate habari ya kweli na Kambo asiaibishwe. Zoezi hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Mimi nimelijaribu mara nyingi, na kila mara nagundua kwamba zamu ya kwanza inayofaa ni salamu.